Mhadhara wa Chuo Kikuu na Msikilizaji wa Masara

Swali ambalo watu wanaoishi mbali na vyuo vikuu hawachoki kuliuliza ni hili: mhadhara wa historia, fasihi au akiolojia unaorushwa mtandaoni kutoka Nairobi, Dar es Salaam au London unamfaa nini mtu anayechimba dhahabu, anayeuza samaki au anayefundisha shule ya msingi katika eneo la Masara, magharibi mwa mji wa Migori? Swali hilo huulizwa wakati mwingine kwa udadisi na wakati mwingine kwa uchungu, na uchungu huo una sababu zake, kwa kuwa nchi inayoanzia mpaka wa Tanzania hadi ghuba ya Homa imewapa wataalamu wa dunia mengi ya kuandikia vitabu, ilhali wakazi wake, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 1.1 katika kaunti ya Migori na idadi kama hiyo katika kaunti ya Homa Bay, wamepata nafasi chache mno za kuwasikia wataalamu hao wakieleza walichokiona.

Sura hii inaangalia mihadhara hiyo ilikotoka, inavyomfikia msikilizaji na inavyomgharimu. Zaidi ya yote inaangalia kinachotokea mhadhiri anapomaliza kusema, yaani kipindi cha maswali, kwa sababu hapo ndipo inapoamuliwa kama mhadhara ni wa umma kweli au ni wa watu wa chuo walioacha mlango wazi ili wengine wachungulie.

Insia ni nini, na mhadhara wa umma ni upi?

Insia ni jina la jumla la taaluma zinazomchunguza binadamu kupitia yale aliyoyasema, aliyoyaandika, aliyoyajenga, aliyoyaamini na aliyoyakumbuka. Humo mna historia, fasihi, falsafa, taaluma za dini na sanaa, isimu, ambayo ni uchunguzi wa lugha, na akiolojia, ambayo ni uchunguzi wa maisha ya kale kwa kutumia mabaki yaliyofukiwa au yaliyoachwa juu ya ardhi. Mtu asiyewahi kukanyaga chuo hushughulika na insia kila siku bila kuipa jina hilo, kwa mfano mzee anapoeleza ukoo wake ulivyofika Suna na ulimkuta nani, au wanakijiji wanapobishana kuhusu asili ya ziwa dogo la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba palikuwa na kijiji kilichozama baada ya watu wake kumnyima hifadhi bibi kizee aliyekuja usiku, na wanajiolojia, yaani wataalamu wa miamba, husema kwamba ziwa hilo limo katika shimo la volkeno. Mwanajiolojia akishamaliza kazi yake, mtaalamu wa insia huanza yake kwa kuuliza kwa nini jamii iliyoishi kando ya shimo hilo ilichagua kulieleza kwa kisa cha ukarimu ulionyimwa, na kisa hicho kilimfundisha nani jinsi ya kumpokea mgeni.

Mhadhara wa umma ni mazungumzo ya kitaalamu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuyahudhuria bila ada, bila cheti na bila mwaliko. Ule wa mtandaoni hurushwa kwa intaneti, ama mubashara, yaani wakati uleule unapotolewa, ama kwa rekodi inayoweza kusikilizwa baadaye.

Utamaduni uliotangulia intaneti

Wapo wanaodhani kwamba mihadhara ya namna hii ilizaliwa pamoja na simu za kisasa, lakini historia yake ni ndefu. Chuo cha Gresham mjini London, kilichoanzishwa 1597 bila kusajili wanafunzi wala kutoa shahada, kimetoa mihadhara ya bure kwa wakazi wa mji huo kwa zaidi ya karne nne, na leo mihadhara yake inapatikana mtandaoni kwa yeyote. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza mwaka 1873 kuwatuma walimu wake kwenye miji ya viwanda ili kuwafundisha wafanyakazi na wanawake waliokuwa nje ya milango yake. Mpango kama huo ulifika Afrika Mashariki mwaka 1953, Makerere ilipofungua idara ya masomo ya nje, yaani masomo yanayopelekwa kwa watu wazima walio nje ya kuta za chuo.

Katika eneo la Ziwa Victoria mfano ulio karibu zaidi ni wa Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyejulikana kote kwa utenzi wake *Song of Lawino* uliochapishwa mwaka 1966. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi Kisumu katika idara ya masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki, na mwaka 1968 akaandaa huko tamasha la sanaa. Okot hakuona kwamba kazi ya chuo ni kuwamiminia wananchi maarifa ambayo hawakuwa nayo. Kwake yeye mwimbaji, mpiga ala ya nyatiti na msimulizi wa kijijini walikuwa wenye maarifa, na wajibu wa chuo ulikuwa kuwapa jukwaa na kisha kuzungumza nao kuhusu walichokionyesha. Mwaka uleule, jijini Nairobi, wasomi Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba Idara ya Kiingereza ya chuo hicho iondolewe na mahali pake pawekwe mafunzo yanayoanzia Afrika, fasihi simulizi ikiwamo. Madai hayo yalibadilisha kilichofundishwa madarasani, na kazi ya Kisumu ilionyesha kilichowezekana nje ya madarasa.

Njia hiyo ilikuwa na hatari zake pia. Huko Kamirithu, Limuru, tamthilia iliyotungwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ pamoja na wanakijiji ilionyeshwa mwaka 1977, ikapigwa marufuku baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Serikali ya wakati huo ilielewa vizuri kwamba mazungumzo ya wasomi yakibaki chuoni hayamtishi mtu, lakini yakiingia kijijini kwa lugha ya kijiji huwa jambo jingine kabisa.

*Kwa ufupi: mihadhara ya mtandaoni imerithi utamaduni wa zamani wa vyuo kutoka nje ya kuta zao, na katika Afrika Mashariki utamaduni huo ulifaulu zaidi pale wananchi walipokuwa wasemaji pamoja na kuwa wasikilizaji.*

Mwaka 2020 na baada yake

Nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, Kenya iliacha kutegemea setilaiti peke yake, na vyuo vikuu, vilivyokuwa vimeunganishwa tangu 1999 chini ya mtandao wa elimu wa KENET, vikapata uwezo mkubwa zaidi wa kupokea na kurusha picha na sauti. Hata hivyo uwezo huo haukutumiwa sana kwa ajili ya umma hadi Machi 2020, serikali ilipofunga taasisi zote za elimu kwa sababu ya korona. Semina zilizokuwa zikifanyika katika vyumba vya watu thelathini zilihamia Zoom na YouTube, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa Nyatike au Mbita angeweza kumsikiliza mtafiti wa Nairobi saa ileile aliyosikilizwa na profesa wa Ulaya. Shule na vyuo vilipofunguliwa, taasisi nyingi ziliendelea kurusha mihadhara yao kwa njia zote mbili, ukumbini na mtandaoni.

Kwa upande wa Migori na Homa Bay, vyuo navyo vimesogea karibu. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichokuwa chuo kishiriki cha Moi, kilipewa hati ya kujitegemea mwaka 2016, na mjini Homa Bay kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichoanza kikiwa chini ya Maseno na kupewa jina la mwanasiasa wa kisiwa cha Rusinga aliyeuawa Julai 1969. Mboya huyo ndiye aliyekuwa mstari wa mbele mwaka 1959 kuandaa ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani, wakati elimu ya juu ilipokuwa kitu cha kufuatwa ng'ambo.

Nchi iliyochunguzwa sana na kuelezwa kidogo

Ili kuelewa kwa nini mihadhara hii ni haki ya msikilizaji wa Masara, inafaa kutazama kwa karibu yale ambayo watafiti wameyapata katika ardhi hiyo.

La kwanza ni Thimlich Ohinga, boma kubwa la mawe lililo takriban kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, linalokadiriwa kujengwa katika karne ya 16 na lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Anayekaribia kuta zake huona kwamba hakuna udongo wala saruji inayoyashika mawe, na kwamba mawe yenyewe hayakuchongwa. Yalichaguliwa yakapangwa kwa namna ya kushikana yenyewe kwa yenyewe, safu moja upande wa nje na nyingine upande wa ndani, na katikati pakajazwa mawe madogo yanayozifunga safu hizo mbili. Kwa ustadi huo kuta zimesimama kwa urefu unaofika mita 4.2 mahali pengine, na unene wake ni kati ya mita moja na mita tatu. Milango ni mifupi, hivyo anayeingia hulazimika kuinama, na mgeni aliyeinama hana uwezo wa kuinua mkuki. Katika eneo hilo kuna mabaki ya mahali palipofuliwa chuma, na juu ya mwamba kuna vishimo vya mchezo wa ajua, ambao ni jamaa wa bao, ishara kwamba watu waliojikinga humo walipata pia wasaa wa kukaa na kucheza.

Nani aliyejenga? Swali hilo ni hai hadi leo. Wataalamu wanaeleza kwamba jamii zenye asili tofauti, za Kibantu na za Kijaluo, zilikaa humo kwa zamu na wakati mwingine kwa kushirikiana, zikitengeneza na kuongeza kuta hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20. Katika eneo ambalo Wajaluo, Wasuba, Wakuria na Wakisii wameoana, wamegombana na wamebadilishana lugha kwa vizazi vingi, jibu hilo lina uzito, kwa maana linazuia kabila moja kulifanya boma kuwa hati ya kumiliki ardhi. Jibu la aina hiyo likibaki katika majarida ya kitaaluma, nafasi yake mashinani huchukuliwa na majibu mepesi yanayotolewa wakati wa kampeni.

La pili ni Nyayanga, katika rasi ya Homa. Februari 2023 kundi la watafiti lililojumuisha wanasayansi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya lilitangaza kwamba limepata hapo zana 330 za mawe, mifupa 1,776 ya wanyama, baadhi yake ikiwa ya viboko yenye alama za kukatwa, na meno mawili makubwa ya Parantropasi, jamaa wa kale wa binadamu. Umri wa mabaki hayo ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, jambo linaloziweka zana hizo miongoni mwa zile kongwe zaidi za aina yake duniani. Utafiti uliofuata mwaka 2025 ulionyesha kwamba baadhi ya mawe yaliyotumiwa yalitolewa umbali wa hadi kilomita 13, maana yake ni kwamba viumbe hao walijua jiwe zuri linapatikana wapi wakalibeba hadi penye kazi.

La tatu ni funzo kuhusu gharama ya kutowaeleza wenyeji. Mwaka 1932 mwanaakiolojia Louis Leakey alitangaza kwamba amepata Kanam na Kanjera, katika rasi hiyohiyo, mabaki ya binadamu wa kale sana. Mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, Percy Boswell, alipokuja kuhakiki miaka mitatu baadaye, Leakey hakuweza kumwonyesha kwa hakika mahali mabaki yalipotoka, na sifa yake ikachafuka kwa muda mrefu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba vigingi vya chuma alivyokuwa ameviacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji na kugeuzwa zana za uvuvi. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama bahati mbaya ya mtafiti. Lakini mvuvi aliyeona chuma kizuri kimechomekwa ardhini bila kuambiwa na mtu yeyote kina kazi gani hakufanya kosa lolote, na laiti angeelezwa, huenda angekuwa mlinzi wa kwanza wa alama hizo. Ni jambo la kutajwa kwamba kule Nyayanga, zaidi ya nusu karne baadaye, watafiti walielekezwa kwenye mabaki na mkazi wa eneo hilo.

Kuna pia michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone katika kisiwa cha Mfangano, yenye duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na jamii za wawindaji waliotangulia. Ililindwa kwa muda mrefu na imani za wenyeji, na sasa inatunzwa kwa ushirikiano na Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba.

Bei ya kusikiliza

Mhadhara unaoitwa wa bure una bei, na bei hiyo hulipwa kwa bando. Data, yaani kiasi cha mawasiliano kinachopita katika simu, hupimwa kwa megabaiti. Picha ya video yenye ubora wa wastani, inayopita kwa kasi ya kilobiti 700 kwa sekunde, humaliza takriban megabaiti 315 kwa saa moja, lakini sauti peke yake iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde humaliza megabaiti 29 hivi. Kwa hiyo chuo kinachorusha mhadhara kwa video tu kinamtoza msikilizaji wa mashambani zaidi ya mara kumi ya gharama iliyo ya lazima, ilhali mara nyingi kinachoonekana kwenye video hiyo ni uso wa mhadhiri na maandishi madogo yasiyosomeka kwenye simu. Faili ya sauti inayoweza kupakuliwa, kutumwa kwa WhatsApp na kusikilizwa simu ikiwa mfukoni ingemfikia mtu ambaye video haimfikii. Picha chache za lazima, kama ile ya ukuta wa Thimlich Ohinga, zinaweza kutumwa peke yake.

Saa nayo ina gharama yake. Semina nyingi huwekwa alasiri, wakati mchimbaji bado yuko shimoni au anasaga mawe, na mama wa soko anauza. Mvuvi wa omena hutoka ziwani usiku wa giza na taa yake, naye hulala mchana. Kwa watu kama hao rekodi ndiyo mhadhara wenyewe. Isitoshe, mtandao hukatika, kama ilivyotokea Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilipopata hitilafu na Afrika Mashariki nzima ikabaki na intaneti ya kusuasua, na mhadhara usio na nakala yoyote mahali pengine hupotea pamoja na mtandao.

Lugha ya mezani na lugha ya nyumbani

Mihadhara mingi inayohusu Migori na Homa Bay hutolewa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, na inaitaka serikali ikuze pia lugha za wananchi wake, lakini katika semina za mtandaoni amri hiyo huonekana kama haijasomwa. Wanaojitetea husema kwamba istilahi, yaani maneno maalumu ya taaluma, hazipo katika Kiswahili wala Dholuo. Utetezi huo hauna nguvu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanza mwaka 2008 chini ya Profesa Issa Shivji, kimeendesha mijadala mizito ya historia, sheria na siasa kwa Kiswahili mbele ya hadhira ya mchanganyiko. Kwa upande wa Dholuo, mwandishi Asenath Bole Odaga alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya masimulizi na kuchapisha vitabu katika lugha hiyo, na vituo vya redio vya eneo hilo huchambua uchumi, afya na sheria kwa Dholuo kila siku bila kukwama.

Programu za mikutano ya mtandaoni huruhusu mkalimani kuzungumza katika njia yake ya sauti, hivyo msikilizaji huchagua lugha anayoitaka. Pale ambapo mkalimani hapatikani, muhtasari wa dakika kumi kwa Kiswahili na mwingine kwa Dholuo, ukitolewa na mhadhiri au na mwanafunzi wake aliyelelewa huko, hutosha kumpa mtu msingi wa kuuliza. Kwa Wasuba jambo hili lina uchungu wa ziada, kwa kuwa lugha yao, Olusuba, imepungukiwa na wazungumzaji kadiri familia zilivyohamia Dholuo. Mhadhara unaotolewa kwa Kiingereza kuhusu lugha inayofifia, huku wazee wanaoizungumza wakiwa hawajaalikwa kuisema, ni jambo la kusikitisha na lingeweza kuepukwa kwa urahisi.

Kipindi cha maswali

Hapa ndipo penye kiini cha sura hii. Katika mhadhara wa kawaida wa mtandaoni dakika hamsini ni za mhadhiri na kumi zinazobaki ni za maswali, nayo huandikwa kwenye kisanduku na kuchaguliwa na mwongozaji. Mwongozaji huchagua yaliyoandikwa vizuri, aliyeandika vizuri huwa ni msomi mwenzake, na saa inakwisha. Mtu wa Masara amehesabiwa miongoni mwa waliohudhuria, lakini sauti yake haimo katika rekodi.

Hasara ya mpango huo humwangukia mhadhiri kwanza. Chukua mada ya historia ya dhahabu ya Migori. Mgodi wa Macalder, uliotoa dhahabu na shaba tangu enzi za ukoloni, ulifungwa mwaka 1966, na tangu hapo uchimbaji umeendelezwa na wachimbaji wadogo katika maeneo kama Osiri na Masara. Nyaraka za kampuni na za serikali humweleza mwanahistoria kiasi cha madini, mikataba na ada. Hazimwelezi vibarua walilala wapi, wanawake walianza lini kuosha mchanga wenye dhahabu, ni nani aliyefundisha matumizi ya zebaki, au ni sheria gani ya kimila iliyoamua nani achimbe kwenye shamba la nani. Majibu ya maswali hayo yamo vinywani mwa wazee walio hai, ambao baadhi yao walifanya kazi au walizaliwa kambini, na kila mwaka idadi yao inapungua.

Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki dunia Januari 2025, alithibitisha thamani ya vinywa hivyo mapema. Kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini kilijengwa kwa kukusanya na kulinganisha masimulizi ya koo, wakati ambapo wanahistoria wengi waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Ikiwa msingi wa taaluma yenyewe uliwekwa kwa kuwasikiliza wazee, basi mhadhara unaotokana nayo hauna sababu ya kuwanyima nafasi ya kusema.

Mpangilio unaofaa zaidi ni kuyatanguliza maswali. Wiki mbili kabla ya mhadhara, chuo kitangaze mada kupitia redio za eneo hilo na kupokea maswali kwa ujumbe wa sauti, kwa lugha yoyote, kisha mhadhiri ajenge mazungumzo yake juu ya yale yaliyoulizwa. Mtafiti wa akiolojia atakayekuta kwamba watu hawaulizi boma lina miaka mingapi, ila wanauliza kwa nini mapato ya watalii hayafiki shuleni, au kwa nini mawe ya boma la babu yao hayalindwi kama yale ya Thimlich, atalazimika kufikiri upya kuhusu mada yake, na mhadhara utakuwa bora.

*Kwa ufupi: gharama, saa na lugha huamua nani atasikia, na mpangilio wa maswali huamua nani atahesabiwa kuwa mwenye maarifa.*

Kundi la kusikiliza

Mtu mmoja mwenye simu moja huchoka haraka, na Tanzania ilipata dawa ya tatizo hilo zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mwaka 1973, katika kampeni ya *Mtu ni Afya*, vipindi vya redio vilirushwa kwa majuma 12, na wananchi wapatao milioni mbili wakakusanyika katika vikundi vya vijijini kuvisikiliza, wakiwa na vijitabu na viongozi takriban 75,000 waliopewa mafunzo. Baada ya kila kipindi kikundi kilijadili kilichosikika na kuamua hatua ya kuchukua, na vyoo vingi vilichimbwa kutokana na majadiliano hayo. Redio ilikuwa moja, lakini kazi ya kufikiri iligawanywa kwa maelfu ya vikundi.

Kundi kama hilo linaweza kuundwa Masara kwa mahitaji machache:

- simu moja yenye bando na kipaza sauti cha kawaida, kama kile cha kanisani au cha chama;
- rekodi ya sauti iliyopakuliwa mapema, ili mtandao ukikatika mazungumzo yasikatike;
- mwongozaji, pengine mwalimu au mwanafunzi aliye likizoni, anayeweza kusimamisha rekodi na kufafanua;
- mtu wa kuyarekodi majibu, masahihisho na maswali ya kundi na kuyarudisha chuoni.

Hitaji hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na bila hilo kundi hugeuka kuwa hadhira tu. Vyuo vya Rongo na Tom Mboya vina nafasi ya pekee hapa, kwa sababu wanafunzi wake wengi hurudi likizo katika vijiji hivihivi, na kuongoza kikao kimoja cha kusikiliza na kuandika ripoti yake kungeweza kuwa sehemu ya mazoezi ya mwanafunzi wa historia au fasihi.

Baada ya kiungo kufungwa

Kiungo cha mtandaoni, yaani anwani inayobonyezwa ili kuufikia mhadhara, si mahali pa kuhifadhia kitu. Chuo hubadilisha tovuti, mradi hukosa fedha, na mhadhara uliosikilizwa mwaka juzi haupatikani tena. Nakala za sauti zinapaswa kuwekwa pia katika maktaba za kaunti, katika vyuo vya eneo hilo na katika makavazi ya jamii kama yale ya Mfangano. Kila nakala iambatane na maswali na masahihisho yaliyotolewa na wasikilizaji, pamoja na idhini yao na majina yao kama wanapenda yatajwe, maana mzee aliyemsahihisha profesa kuhusu ukoo uliokaa boma fulani amechangia taaluma sawa na mtu mwingine yeyote anayetajwa humo. Maboma ya mawe yaliyo madogo kuliko Thimlich Ohinga yametawanyika katika nchi hiyo, na mengine yamekuwa yakibomolewa ili mawe yake yajengee nyumba na zizi. Rekodi ya kikao cha Masara au Macalder, ambamo wakazi wameyataja maboma hayo kwa majina na kueleza ni mlima upi na ni shamba la ukoo upi, inaweza kumfikisha mtafiti huko kabla mawe hayajaondoka.